INSULINI SIYO DAWA YA MISULI
Ukurasa wa afya kwa wazazi na vijana wetu

Mwezi huu ukurasa wa afya unajibu swali ambalo vijana wametuletea darasani. Wengine walikuwa wametoka Kigali kusalimia nyumbani, wengine wana kaka zao wanaofanya kazi huko. Swali lenyewe ni hili: "Walimu, eti ni kweli sindano ya watu wa sukari inajaza misuli haraka?"

Swali hilo liliporudi mara ya tatu, tukaona siyo la kujibu kwa neno moja halafu kufuta ubao. Sisi siyo waganga, ni walimu wa kujitolea. Lakini tumesoma, tumewauliza wauguzi, na tumepanga maelezo kwa lugha ya nyumbani ili mzee na kijana wayasome pamoja.

Jibu fupi ni hili. Insulini inaweza kumjaza mtu kwa muda, na inaweza kumuua kwa usiku mmoja. Yule asiyekufa inaweza kumwachia ubongo, moyo na damu yenye matatizo ya maisha yote. Jibu refu linafuata.

KIGALI NA HAMU YA KIFUA KIPANA

Aliyefika Kigali anajua. Ukipita Nyamirambo, Kimisagara au Remera, siku hizi hukosi jimu. Nyingine zina mashine za kung'aa, nyingine ni chumba kimoja chenye vyuma na kioo. Jioni vijana wanajaa humo.

Tusiwacheke. Vijana wetu wanaokwenda mjini wanatafuta kazi ya ulinzi, ya ujenzi, ya kupakia mizigo Nyabugogo, au ya kusimama mlangoni mwa baa kama baunsa. Kazi hizo zote zinaangalia mwili. Bosi anaangalia mabega kwanza, cheti baadaye. Kwa hiyo kijana anaposema "nataka mwili", mara nyingi anataka kusema "nataka kula na kusaidia nyumbani".

Na mazoezi yenyewe ni kitu kizuri. Tangu mwaka 2016 Jiji la Kigali lina siku ya bila magari. Jumapili hiyo asubuhi barabara kubwa zinafungwa, wakubwa kwa wadogo wanatembea na kukimbia, na watu wanapimwa presha na sukari. Hatutaki mtu aseme kwamba walimu wanakataza jimu. Tunachokataza ni sindano.

Shida inaanza na maneno ya pembeni. Kwenye jimu nyingi hakosi mtu mmoja ambaye amekuwa mkubwa kuliko wote, naye anageuka mwalimu bila kusomea. Anamwambia mdogo wake: "Wewe unakula maharage mpaka lini? Kuna dawa safi, siyo kama zile za kuharibu maini. Hii hata hospitali wanampa mtoto mdogo." Kijana anaamini. Kweli insulini hospitali wanampa mtoto mdogo, lakini mtoto gani, na kwa sababu gani? Hapo ndipo tuanzie.

INSULINI NI NINI HASA?

Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, tuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kongosho linatengeneza insulini. Tukila ugali, viazi, mkate au ndizi, chakula kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia vizuri kwenye misuli mpaka mlango ufunguliwe. Insulini ndiyo ufunguo wa mlango huo.

Kwa watoto na vijana wengine kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini. Hicho ndicho kisukari cha aina ya kwanza. Sukari inabaki kwenye damu, mwili unakonda, mtoto anakunywa maji na kukojoa usiku kucha. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na matumaini. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod huko Toronto, Kanada, waliipata insulini kutoka kwenye kongosho la wanyama, na mwenzao James Collip akaisafisha. Mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Alikuwa karibu kufa. Aliishi miaka 13 zaidi.

Wavumbuzi hao waliuza haki ya dawa yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Walitaka imfikie kila mgonjwa. Na tangu orodha ya kwanza ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1977, insulini imo.

Kwa hiyo tuelewane vizuri: insulini siyo dawa mbaya. Mgonjwa wa kisukari anayesoma makala hii asiache sindano yake hata siku moja. Kwake sindano inarudisha kitu kilichopungua. Kwa kijana mzima inaongeza juu ya kitu kilichojaa tayari.

KWA NINI WATU WA MISULI WANAIKIMBILIA?

Kuna sababu tatu, na kila moja ina uongo ndani yake.

Ya kwanza, insulini inasukuma sukari na vijenzi vya protini kuingia kwenye misuli, na inazuia misuli isivunjwe. Hiyo ni kweli. Lakini sukari inapohifadhiwa kwenye msuli inakwenda pamoja na maji: kila gramu 1 ya sukari hiyo inabeba karibu gramu 3 za maji. Ndiyo maana mtu anaonekana amevimba kwa siku chache, halafu akiacha anapungua. Sehemu kubwa ya aliyoiona kwenye kioo ilikuwa maji.

Ya pili, wapo wanaojichoma homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inapandisha sukari kwenye damu. Basi wanaongeza insulini ili kuishusha. Hapo mtu anatibu dawa kwa dawa, bila kipimo na bila muganga.

Ya tatu, insulini haikai sana kwenye damu, kwa hiyo wengine walidhani hawatakamatwa. Katika michezo ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, daktari mmoja wa Urusi aliuliza kama insulini inaruhusiwa kwa mwanamichezo asiye na kisukari. Swali hilo liliwashtua wakubwa. Mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaipiga marufuku. Mpaka leo imo kwenye orodha ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Michezoni, na imekatazwa wakati wote, siku ya mashindano na siku ya mazoezi. Mwenye kisukari peke yake anaweza kupewa kibali.

Kijana wetu anaweza kusema: "Mimi siendi Olimpiki." Sawa. Lakini wewe una kongosho zima linalotengeneza insulini bila malipo kila unapokula. Sahani ya ugali na maharage baada ya mazoezi inatosha kuliamsha. Unanunua kitu unachotembea nacho tumboni.

HATARI INAYOKUJA KWA SAA CHACHE

Kabla ya kuzungumzia miaka inayokuja tuseme juu ya usiku wa leo, sababu wengine hawafiki hiyo miaka.

Kongosho lina akili. Sukari ikishuka, linapunguza insulini. Sindano haina akili hiyo. Ikishaingia imeingia, huwezi kuirudisha wala kuifunga breki. Mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula asubuhi, sukari yake huwa kati ya miligramu 70 na 100 kwa kila desilita ya damu. Ikishuka chini ya 70 ni tahadhari. Ikishuka chini ya 54 ni hatari kubwa.

Anayeumia kwanza ni ubongo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake yote, na hauna ghala la kutosha. Sukari ikikatika, ubongo unaanza kuzimika. Mtu anatoka jasho baridi, anatetemeka, moyo unapiga mbio, anasikia njaa kali. Halafu maneno yanapotea, anachanganyikiwa, anaweza kuwa mkali bila sababu. Mwisho anaanguka, anapata mishtuko kama ya kifafa, anazimia.

Ukimwona njiani unaweza kusema amelewa. Fikiria kijana peke yake Kigali saa tano za usiku, amekaa kwenye ngazi ya duka, kichwa kimeinama. Wapita njia wanasema "pombe hiyo", wanaendelea. Na aliyelala chumbani kwake hakuna hata wa kusema hivyo. Sukari ikimshukia usingizini, jirani anasikia mkoromo tu.

Hizi siyo hadithi za kutisha watoto. Mwaka 2003 jarida la Uingereza la madaktari wa michezo, British Journal of Sports Medicine, lilichapa habari za mtunisha misuli aliyezimia kwa sababu ya kujichoma insulini. Madaktari waliiandika ili wenzao, wakiletewa kijana mwenye misuli mikubwa ambaye amezimia, wakumbuke kumpima sukari.

Na kuna kosa moja la vipimo. Insulini nyingi ina yuniti 100 kwa mililita 1. Lakini duniani kuna mabomba ya sindano yaliyochorwa kwa dawa ya yuniti 40. Mtu akivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, anajichoma mara mbili na nusu ya anachosoma. Mgonjwa anafundishwa kuangalia hilo. Kijana anayejificha chooni anafundishwa na nani?

MADHARA YANAYOBAKI MIAKA

Sasa tumchukue yule ambaye hakuanguka. Anasema, "Mimi natumia miezi mingi na sijaona kitu." Tumwambie hivi.

1. Ubongo hausahau. Kila sukari inaposhuka sana, chembe za ubongo zinakaa na njaa. Zikikaa muda mrefu zinakufa, na chembe hizo hazioti tena kama nywele. Wapo watu waliozinduka hospitali lakini hawakurudi walivyokuwa: kumbukumbu imepungua, maneno yanakwama, mkono hautii. Kijana aliyetaka kuwa nguzo ya familia anageuka mtu wa kulishwa na mama yake.

2. Mwili unaacha kupiga kengele. Jasho, kutetemeka na mapigo ya moyo ni kengele ya mwili kwamba sukari inakwisha. Sukari ikishuka mara kwa mara, mwili unazoea na kengele inanyamaza. Mtu anatoka kwenye kuzungumza vizuri moja kwa moja mpaka kuzimia. Ndiyo maana yule anayesema "mwili wangu umeshaizoea" amesema jambo la hatari kuliko yote. Kuzoea huko ndiko ugonjwa wenyewe.

3. Moyo. Insulini inaposukuma sukari kuingia kwenye chembe, inasukuma pia madini ya potasiamu kutoka kwenye damu. Potasiamu ikipungua sana, mapigo ya moyo yanaharibika, na moyo unaweza kusimama. Insulini nyingi pia inafanya figo zishike chumvi na maji, na presha inaweza kupanda. Ongeza hapo dawa za steroidi, ambazo wengi wanaotumia insulini wanazitumia pia. Hizo zinakuza na kukaza msuli wa moyo, na kuharibu mafuta ya damu. Kifua kinaonekana kipana kwa nje, ndani yake moyo umechoka kama wa mzee.

4. Mafuta, kitambi na kisukari chenyewe. Insulini ni homoni ya kuweka akiba. Haichagui kujaza msuli peke yake, inajaza mafuta pia na kuzuia yasichomwe. Na anayejichoma analazimika kula sukari na vyakula vitamu ili asianguke, kwa hiyo anakula kwa woga. Mafuta yanakaa tumboni, kuzunguka ini. Insulini ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, chembe zinaweza kuanza kuupuuza ule ufunguo. Kongosho linalazimika kufanya kazi zaidi na zaidi. Hiyo ndiyo njia ya kwenda kwenye kisukari cha aina ya pili, na homoni ya ukuaji inaifupisha njia hiyo. Kisukari nacho kinajulikana kwa kuharibu macho, figo na miguu.

5. Ngozi. Mahali panapochomwa kila siku panaota mavimbe ya mafuta chini ya ngozi. Dawa ikichomwa kwenye vimbe inaingia vibaya: leo inachelewa, kesho inaingia yote mara moja. Hata mtu aliyedhani anajua kipimo chake, hakijui tena.

6. Magonjwa ya damu. Vijana wanachanga pesa, wananunua chupa moja, wanapeana bomba moja. Hapo virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B na C vinapata mlango. Tena tahadhari: hata ile kalamu ya insulini yenye sindano ya kubadilisha haifai kutumiwa na watu wawili. Damu kidogo isiyoonekana inaweza kurudi ndani ya kalamu, hata kama sindano ni mpya.

Tukitazama haya yote tunaona jambo moja. Faida inakaa siku chache na ni maji kwa sehemu kubwa. Hasara inakaa mwilini miaka. Hakuna mfanyabiashara wa Nyabugogo anayekubali biashara ya namna hiyo.

CHUPA HIYO NI YA NANI?

Kuna upande mwingine ambao kwenye jimu hauzungumzwi. Insulini ni dawa ya muganga, haiuzwi kama biskuti. Basi yule anayemletea kijana chupa ameitoa wapi? Mara nyingine inatoka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Mama mmoja mwenye mtoto wa kisukari alitueleza kwamba kijana wa jirani alimfuata akiomba "kidogo tu", pesa mkononi. Wote tunajua pesa inavyokwisha kabla ya mwezi. Mama alitazama zile noti, akamwambia: "Mwanangu, hizi zitaninunulia makaa ya wiki mbili. Baada ya hapo huyu mdogo wako ataishi na nini?" Akamwita mtoto aje amsalimie. Kijana akarudisha pesa mfukoni, akaomba samahani. Mama hakumtangaza kwa watu, na sisi hatumtaji mtu.

Tunamsifu mama huyo, na tunawaomba wengine wafanye kama yeye. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kwa mtoto ni uhai wa wiki kadhaa. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini siku chache tu anaweza kufa. Haina kidonge cha badala, sababu ikimezwa tumbo linaisaga kama nyama. Ndiyo maana pia anayekuuzia "vidonge vya insulini" anakuibia mchana.

Katika Rwanda watu wamehangaika sana ili watoto hawa waishi. Chama cha Wagonjwa wa Kisukari cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1997, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari, nchi ikiwa bado na majeraha. Mpango wa kimataifa wa Life for a Child umesaidia watoto na vijana wa Rwanda kupata insulini na vipimo. Kila chupa ina safari ndefu nyuma yake.

Na sisi wakimbizi tuna habari yetu njema. Wengi waliogopa kwamba bila friji nyumbani mgonjwa hawezi kutunza dawa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya. Waliona insulini inabaki na nguvu kwa wiki 4 za matumizi hata joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Utafiti huo ulifanywa ili mtoto wa kambini asilazimike kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Haukufanywa ili chupa ihamie jimu. Mwenye mgonjwa afuate maelezo aliyopewa na muuguzi wake, na chupa aiweke mahali ambapo yeye peke yake anapajua.

UKIMKUTA MTU SUKARI IMEMSHUKA

Haya kila mtu wa nyumbani ayajue, hata watoto wa darasa la tano. Yanasaidia pia wagonjwa wa kisukari wa kweli.

Kama ana fahamu na anaweza kumeza: mpe haraka vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu ale chakula cha kweli, kama mkate, viazi au ugali.

Kama amezimia au hawezi kumeza: usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu. Piga simu 912, namba ya gari la wagonjwa katika Rwanda, inayoita bila malipo. Kambini, mkimbizeni kituo cha afya.

Usimwache peke yake hata akisema amepona. Insulini nyingine inafanya kazi saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena. Na rafiki zake waseme ukweli kwa muganga: "Amejichoma insulini." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha. Kuogopa aibu wakati rafiki anakufa siyo urafiki.

MISULI INAJENGWA NA NINI BASI?

Kijana ana haki ya kuuliza. Tunamjibu kwa mambo manne.

Chakula. Maharage makavu gramu 100 yana karibu gramu 21 za protini. Yai moja lina kama gramu 6. Ongeza ndagaa, soya, karanga, maziwa ukipata, na sombe. Pesa ya chupa ya wizi inanunua maharage mengi sana.

Mazoezi ya mpango. Ongeza uzito kidogo kidogo, pumzisha msuli siku moja au mbili kabla ya kuurudia. Ukikosa pesa ya jimu, mikono yako na ardhi vinatosha kuanza.

Usingizi. Mwili unatengeneza homoni yake ya ukuaji hasa ukiwa umelala usingizi mzito. Anayekesha halafu anatafuta sindano ya ukuaji amekimbia kitu cha bure.

Muda. Wiki za kwanza nguvu inaongezeka kabla ukubwa haujaonekana. Ukubwa unaanza kuonekana vizuri baada ya miezi miwili mitatu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwili uliojengwa polepole haupotei kwa wiki moja.

WAZAZI TUANGALIE NINI?

Tuangalie mabomba ya sindano au chupa ndogo za dawa kwa kijana ambaye si mgonjwa. Tuangalie anayetoka jimu akitetemeka na kutoka jasho baridi, anayebeba soda na pakiti za sukari kila mahali kwa woga, anayelala usingizi usio wa kawaida, au anayekuwa mkali ghafla halafu akila anatulia.

Ukiona hayo, mzazi, usianze na fimbo wala kumtangaza mbele ya majirani. Atahamia kujificha, na anayejificha ndiye anayefia peke yake. Mwite pembeni, muulize kwa upole: "Mwanangu, unatumia nini?" Ukiwa naye kwa simu tu kwa sababu yuko Kigali, muulize hivyohivyo. Kisha aende kwa muganga, aseme yote: insulini, steroidi na kila alichochoma. Apimwe sukari, presha, ini, virusi vya ukimwi na homa ya ini. Muganga siyo polisi.

Na wewe kijana uliyeko mjini, tunajua mzigo uliobeba. Kuna mdogo wako anayengoja sare ya shule, kuna mama anayengoja simu yako Jumapili. Hakuna hata mmoja wao aliyekutuma kifua cha inchi fulani. Wanachongoja ni wewe mwenyewe, mwenye akili timamu na moyo unaopiga vizuri. Baunsa mwembamba aliye hai analeta ugali nyumbani.

Kila tarehe 14 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Banting, dunia inaadhimisha Siku ya Kisukari. Ikifika, mwenye nafasi aende akapimwe sukari yake. Na mwenye swali juu ya makala hii atuletee darasani au alimpe mtoto wake alilete kwenye karatasi, bila jina kama anaona haya. Tutawauliza wauguzi na kujibu kwenye gazeti la mwezi ujao.

Tunawatakia wote afya njema.